Twawaachia Watoto Mikorosho, Hesabu Twazikwa Nayo



Mzee akifa kwetu, watu hukaa matanga, halafu wakubwa wa ukoo hukutana kugawa kilichobaki. Mikorosho hii ya nani, shamba la bondeni la nani, baiskeli ya nani, mbuzi na bati za nani. Kila kitu chaonekana, na kila kitu chapata mwenyewe. Kipo kitu kimoja tu kisichogawiwa, kwa sababu hakuna akijuaye. Kitu hicho ni hesabu. Marehemu aliuza kilo ngapi msimu uliopita? Alikatwa nini? Akaunti yake iko benki gani? Nani anadaiwa naye, na yeye adaiwa na nani? Alikuwa na hisa katika ushirika, au hakuwa nazo? Mkewe hajui. Mwanawe mkubwa hajui. Mjomba hajui. Aliyejua ni mmoja, naye amekwenda nayo kaburini.

Nasema jambo hili ni hasara kubwa kuliko shamba kuungua. Shamba likiungua mtu hupanda tena. Lakini ujuzi wa miaka arobaini ya kupata na kukosa ukizikwa, mtoto huanza upya pale pale alipoanza babake, na mjukuu vile vile. Ndiyo maana katika vijiji vyetu vingi, kutoka Nakapanya mpaka Matemanga, kutoka Mbesa mpaka Nalasi, wako watu waliorithi mikorosho mingi na bado kila mwezi wa pili wanakopa unga. Mikorosho waliachiwa. Namna ya kuitumia fedha yake hawakuachiwa.

Tujiulize: mtoto wa Tunduru twamfundisha nini? Akifika miaka kumi ajua kupalilia. Ajua kuokota korosho na kuitenga na bibo lake. Ajua kulinda mpunga usiliwe na ndege. Ajua sauti ya tembo usiku na wapi pa kukimbilia. Mambo hayo hakuyasoma shuleni; amefundishwa na mama na baba kwa kufuatana nao. Lakini siku ya malipo inapofika, mtoto yule yule aliyeokota korosho tangu alfajiri huambiwa, "Nenda kacheze, haya ni mambo ya wakubwa." Kazi ni yake, hesabu si yake. Basi ajifunze wapi?

Najua kwa nini wazee huficha. Wanaogopa wezi. Wanaogopa ndugu wenye shida zisizokwisha. Wengine, tuseme kweli, wanawaogopa wake zao. Wako pia wasemao kwamba mtoto akijua babake ana fedha atakuwa mvivu na atadai viatu kila siku. Sababu hizi nazifahamu, lakini sizikubali. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wetu hapa Kusini una mwalimu mmoja mkali sana wa fedha. Jina lake kangomba.

Kila mtu hapa aijua kangomba, lakini ni wachache waliokaa na watoto wao wakaipigia hesabu. Haya, tuipige. Tuseme ni mwezi wa pili. Mvua zanyesha, ghala ni tupu, mtoto ana homa. Anakuja mtu na fedha mkononi. Atakupa shilingi 100,000, nawe utampa kilo 100 za korosho mwezi wa kumi, yaani kila kilo kwa shilingi 1,000. Mwezi wa kumi wafika, mnadani korosho yauzwa, tuseme, kwa shilingi 3,000. Kilo zako 100 zingekuletea shilingi 300,000 kabla ya makato. Wewe umepata 100,000, nawe umekwisha kuila. Kwa maneno mengine, umekopa laki moja kwa miezi minane ukalipa laki tatu. Riba yake ni 200 kwa 100. Hakuna benki inayothubutu kuomba riba ya namna hiyo. Ingethubutu, tungeandamana. Lakini kangomba twaipokea kwa asante, kwa sababu yaja usiku, yaja na noti, tena yaja na maneno matamu.

Serikali imeikataza biashara hiyo, na katika msimu wa mwaka 2018 wenye kangomba walisakwa sana. Ni vyema. Lakini sheria haiwezi kuimaliza kangomba mahali ambapo ghala ni tupu mwezi wa pili. Kangomba haizaliwi na mnunuzi peke yake. Yazaliwa na nyumba ambayo mwezi wa kumi na mbili ilikuwa na fedha, na mwezi wa pili haina. Dawa yake ya kwanza ni akiba ya nyumbani. Na akiba ni tabia, na tabia hufundishwa na mzazi.

Mtu atasema, "Wewe mwandishi watuletea mambo ya Wazungu. Akiba, riba, kuwekeza, hayo si yetu." Sivyo kabisa. Nani katika wazee wetu alikula mbegu? Njaa ilikuja, watu wakachimba mizizi porini, lakini magunzi ya mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko hayakuguswa. Mtoto akiyanyoshea mkono alichapwa. Ile ndiyo akiba. Na siku ya mvua ya kwanza mbegu ile ilitolewa ikatupwa ardhini, kitu kizuri cha kuliwa kikafukiwa, kwa imani kwamba kitarudi kingi. Huko ndiko kuwekeza. Bibi zetu hawakuwa na neno hilo, lakini kazi yake waliifanya kila mwaka. Tulichopoteza ni hiki: mbegu ilipogeuka kuwa noti, tuliacha kuifundisha. Punje ya mahindi twaijua kuwa ni mbegu. Noti twaiona chakula chote.

Tena wazee wetu walio hai wameona mambo ambayo kitabu chochote cha uchumi kingeyatamani. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000. Halafu ikaja kuhamia katika vijiji, na watu wengi wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga unaochoma maua. Bei nayo haikumpa mkulima moyo. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000. Kisha watu wakasafisha mashamba, wakajifunza kupuliza salfa, na katika msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Hayo yote yametokea katika maisha ya mtu mmoja. Mzee wa miaka 70 amepanda mlima huo, ameshuka, na amepanda tena. Je, amewaambia wajukuu wake aliishije katika miaka ile mibaya? Aliuza nini? Alibakiza nini? Ni nani aliyepona, na kwa nini? Hilo ni somo la fedha lenye thamani kuliko hotuba za wageni.

Na si korosho tu. Miaka ya 1994 na 1995 vito vya Tunduru vilivuma dunia nzima. Watu walikuja kutoka pande zote za nchi, na wanunuzi wakaja mpaka kutoka Thailand na Sri Lanka. Vijana walichimba kandokando ya Muhuwesi, na mtu aliweza kulala maskini akaamka tajiri. Lakini fedha ya ghafla humkuta mtu hana mahali pa kuiweka akilini, nayo hutoka kwa mlango ule ule iliyoingilia. Ukitaka kumfundisha kijana tofauti ya kupata na kuwa nacho, mwulize mzee yeyote wa Tunduru amsimulie habari za miaka ile. Kupata ni bahati ya siku moja. Kuwa nacho ni kazi ya kila siku.

Mbaazi nayo ilitufundisha mwaka 2017. India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, iliweka kizuizi kwa mbaazi za kutoka nje mwezi wa nane mwaka ule, na bei huku kwetu ikaanguka vibaya mno. Mkulima wa Tunduru hakufanya kosa lolote. Alilima vizuri, akavuna vizuri, na uamuzi uliokatwa New Delhi ukamkuta shambani mwake. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya korosho. Wanunuzi walitaka kutoa bei ya chini, na mwezi wa Novemba 2018 Serikali ikaamua kuinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo ya wakulima wengi yalikawia kwa miezi. Nyumba yenye akiba ilisubiri. Nyumba isiyo na akiba haikuwa na la kufanya ila kukopa, tena kwa masharti ya mkopeshaji.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba akiba ni mambo ya matajiri. Tajiri aweza kuishi bila akiba kwa muda, kwa maana ana vitu vya kuuza. Ni maskini asiyeweza kuishi bila akiba. Kwake tembo wa usiku mmoja, homa ya wiki moja, au barua moja kutoka nchi ya mbali, yatosha kumwuzia mikorosho ya miaka ishirini.

Sasa mzazi afanye nini? Mimi naona masomo manne, na yote yawezekana katika nyumba ya udongo bila umeme.

Somo la kwanza ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari moja la shule na kalamu. Siku unapopeleka korosho kwenye chama cha msingi, mchukue mwanao. Ashuhudie mizani. Aisome stakabadhi kwa sauti: kilo ngapi, daraja gani, tarehe gani. Fedha ikiingia benki, aandike bei ya mnada, aandike makato yote, moja moja, na aandike kilichofika mkononi. Watoto wetu wengi wanasoma kuliko sisi. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Basi elimu hiyo ifanye kazi nyumbani. Mtoto wa darasa la sita ajuaye kutoa na kuzidisha aweza kuwa karani wa babake, na karani huyo haombi mshahara. Akikosea, msahihishe. Ukikosea wewe, mwache akusahihishe. Heshima haipungui kwa hesabu kuwa sahihi.

Tena daftari hilo laulinda ushirika wenyewe. Jirani zetu wa Songea na Mbinga walikuwa na chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo tangu mwaka 1936. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi nzima vilivunjwa, na ikangojewa sheria ya mwaka 1982 ndipo virudishwe. Leo tunavyo tena, na korosho yetu hupita humo katika mpango wa stakabadhi ghalani. Lakini chama ni mali ya mwanachama ajuaye hesabu. Mwanachama asiyejua hesabu ni mgeni katika chama chake. Hupigiwa makofi mkutanoni na hukatwa ghalani. Mtoto aliyekua akiandika makato ya babake atakuwa mtu mzima wa kuuliza mkutanoni, "Makato haya ni ya nini?" Viongozi wema watamjibu kwa furaha. Wabaya watamwogopa. Yote mawili ni faida.

Somo la pili ni kugawa mwaka. Mfanyakazi wa mjini hulipwa kila mwezi, kwa hiyo mwezi humfundisha. Sisi twalipwa kwa misimu: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi baadaye, korosho mwisho wa mwaka. Kosa letu ni kuishi kama kwamba kila msimu ni wa mwisho. Mzazi akae na watoto jioni ya malipo, atandike mkeka, ahesabu nao. Tuseme nyumba imepata shilingi 1,800,000. Ukigawa kwa miezi 12 ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mtoto aione namba hiyo. Ataelewa mara moja kwa nini redio mpya ya shilingi 300,000 ni miezi miwili bila chakula. Halafu fedha itengwe: kwanza chakula cha miezi ya mvua, kinunuliwe mapema wakati debe bado rahisi, pili gharama za shamba, kwa maana hata salfa ikitolewa kwa ruzuku, petroli ya mashine na vibarua vyataka fedha, tatu daftari na sare za shule na dawa, nne akiba, na cha mwisho ndicho cha starehe. Watu wengi huanza na cha mwisho.

Hapa nitagusa jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatapenda. Sisemi tuache ngoma zetu. Jando na unyago ni shule, na watu wasio na shule yao wenyewe hupotea. Lakini shule ile ilikuwa ikimfundisha kijana kuwa mtu mzima, na mtu mzima ni yule awezaye kulisha nyumba. Tukiuza mazao ya mwaka mzima kwa sherehe ya siku tatu, halafu mwali akatoka kukuta nyumba haina unga, tumemfundisha nini? Naomba wakubwa wa ngoma waongeze somo moja tu: kijana atoke jandoni akijua mwaka una miezi mingapi na kila mwezi wala nini. Na mzazi apike cha kutosha wageni, asipike cha kutosha sifa.

Somo la tatu ni mti wa mtoto. Hili ni rahisi kuliko yote, na ni letu kabisa. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, mpe mikorosho mitano aipande kwa mkono wake. Mchanganyishie umbali wa hatua kumi na mbili hivi, usimwache aisonge. Amwagilie, aipalilie, aipogoe. Mkorosho huanza kuzaa kidogo kwenye mwaka wa tatu hivi, na huongeza kadiri unavyokua. Mtoto afikapo sekondari mikorosho yake ina miaka saba hivi. Tuseme kila mmoja watoa kilo 8: ni kilo 40. Kwa bei ya shilingi 2,500 ni shilingi 100,000 kabla ya makato. Si fedha nyingi. Lakini sikiliza ilivyomfundisha. Imemfundisha kungoja. Imemfundisha kwamba kitu kidogo kilichotunzwa miaka saba huzaa kila mwaka bila kuondoka. Imemfundisha kwamba atumie matunda, asikate mti. Mwenye kuelewa hilo ameelewa mtaji na faida, na hatadanganyika kirahisi ukubwani. Ila mzazi awe mwaminifu. Mti wa mtoto ni wa mtoto. Ukiuza korosho yake ukanywea pombe, umemfundisha somo jingine, na hilo hatalisahau.

Somo la nne ni mahali pa kuweka. Wazee wengi huweka fedha nyumbani, ndani ya kopo, chini ya kitanda, katika ukuta. Mwaka 2025 wengi walipata funzo. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani, zile za toleo la 1985 mpaka 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na watu wakapewa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025 wazibadilishe. Kopo lililosahauliwa ukutani baada ya tarehe hiyo lina karatasi tu ndani yake. Na hata noti ambayo haijafutwa huliwa na kupanda kwa bei. Katika miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Ndiyo maana wazee wa wakati ule walikimbilia bati, baiskeli na ng'ombe, na walikuwa na akili. Miaka hii bei zapanda polepole zaidi, lakini fedha ya kopo bado yapungua nguvu kila mwaka. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini wahenga waliweka punje ghalani, hawakuweka noti ukutani.

Basi mpeleke mwanao benki. Benki ziko Tunduru mjini, na mawakala wamefika mpaka vijijini. Aone namna ya kuweka na kutoa. Ajue pia kwamba iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki ikianguka humlipa mwenye amana hadi shilingi 7,500,000. Mpeleke mamake kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, maana akina mama wa vicoba wanajua hesabu kuliko wengi wetu wenye kofia. Mpango huo wa kisanduku chenye kufuli tatu na hisa za kila wiki ulianza Niger mwaka 1991, katika nchi kavu na maskini kuliko yetu, ukaenea Afrika nzima kwa sababu ni wa kweli: kila mtu aona fedha ikihesabiwa mbele ya macho yake.

Na mwenye uwezo zaidi kidogo ajue kwamba hata mkulima aruhusiwa kuwa mwenye mali katika mambo makubwa. Ule mfuko wa Umoja uliofunguliwa mwaka 2005 huuza vipande kwa wananchi, na mwaka 2008 ukafunguliwa Mfuko wa Watoto, ambao mzazi humnunulia mtoto vipande kwa ajili ya masomo yake. Soko la hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Hisa za NMB ziliuzwa hapo mwaka 2008, na za CRDB mwaka 2009. Benki ambamo korosho yako hulipiwa, nawe waweza kuwa mwenye sehemu yake. Lakini nitasema bila kuficha: thamani ya hisa hupanda na hushuka kama bei ya ufuta. Asinunue mtu kwa fedha ya chakula, wala kwa fedha ya salfa. Hisa zije mwisho, baada ya ghala kujaa na akiba ya shida kuwepo.

Tena mtoto afundishwe kutambua uongo. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, ambamo maelfu ya watu walikuwa wakipeleka fedha zao. Walitumia maneno yetu sisi wakulima: waliita kupanda mbegu, na waliahidi mavuno makubwa kwa muda mfupi. Mtoto aliyepanda mkorosho wake na kuungoja miaka mitatu angeuliza swali moja tu: "Mbegu hii yapandwa katika shamba gani?" Shamba halikuwepo. Aliyetangulia alilipwa fedha ya aliyefuata. Leo watu wa namna hiyo waja kwa simu, wana majina mapya kila mwaka, lakini ni wale wale. Kila ahadi ya faida ya haraka iulizwe swali hilo.

Sasa niseme na wajomba. Katika Wayao na Wamakua, mtoto si wa baba peke yake. Mjomba ndiye mwenye mbumba, ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao. Basi mzigo huu ni wake pia. Mjomba asiwe mtu wa kuja siku ya posa na siku ya matanga tu. Aje na siku ya daftari. Na kwa kuwa kwetu ukoo hupita kwa mama, ni ajabu sana kumwacha mtoto wa kike nje ya hesabu. Yeye ndiye shina. Mwanamume aweza kuoa akahamia kwa mkewe. Binti hubaki na ardhi ya mamake. Nyumba ambayo binti hajui kusoma stakabadhi, hiyo imeweka ghala lake mikononi mwa mtu wa kupita. Binti apewe mikorosho mitano sawa na kakake, na kalamu sawa na kakake.

Wako watakaosema, "Sina kitu, niweke nini?" Ndugu yangu, sikudharau. Najua iko miaka ambayo hakuna cha kubakiza. Lakini somo la daftari halihitaji fedha, lahitaji kalamu. Somo la mti halihitaji fedha, lahitaji mbegu na mikono. Hata mzazi asiye na shilingi aweza kumwambia mwanawe ukweli: "Mwaka huu tumepata kiasi hiki, tumetumia hiki, tumedaiwa hiki, na hapa ndipo tulipokosa." Mtoto aambiwaye kweli hiyo hatamdharau mzazi wake. Atamsaidia. Mtoto afichwaye ndiye adhaniaye babake ni tajiri mwenye roho mbaya.

Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi, sikilizeni. Mzazi hawezi kufundisha kwa stakabadhi isiyosomeka, wala kwa makato yasiyoelezwa. Bandikeni bei za mnada na makato ukutani, kwa Kiswahili cha wazi na herufi kubwa, ili mtoto wa darasa la tano ayasome. Nanyi walimu, hesabu za darasani zitoke katika maisha yetu. Kwa nini mtoto wa Tunduru apige hesabu za treni mbili zinazopishana, naye hajaona treni hata moja? Mpigisheni hesabu ya kangomba. Ataishika siku moja, na ataibeba maisha yake yote.

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 tulisema tutajitawala. Kujitawala si bendera na wimbo tu. Mtu ambaye korosho yake imeuzwa kabla haijatoa ua hajitawali. Mwenye kangomba ndiye amtawalaye. Nyumba yenye ghala, daftari na akiba ndogo yaweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo hapana, nitangoja mnada." Hayo maneno matatu ya mwisho, "hapana, nitangoja mnada," ni uhuru wa mkulima. Hayanunuliwi dukani, wala Serikali haiwezi kuyagawa kwa magunia. Hufundishwa mkekani na mama, na baba, na mjomba, mtoto akiwa bado mdogo.

Msimu wa malipo ukija, wazazi, msiwafukuze watoto wakacheze. Waiteni, waketi, na muwape kalamu.